Matunzo ya Klachi, Giaboksi, Propela na Difu kwa Vani za Mizigo Zilizotembea Kilomita Nyingi

Kabla ya mapambazuko, vani za mizigo huwa zimekwisha kupanga foleni katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam zikisubiri kupakia vitenge, sabuni, vifaa vya ujenzi na bidhaa za dukani kwa ajili ya wafanyabiashara wa pembezoni mwa jiji na mikoa ya jirani. Nyingi kati ya vani hizo, hususan Toyota HiAce, huingizwa nchini zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, kisha huanza kazi nyingine iliyo nzito kuliko ile ya awali.

Katika uendeshaji wa magari haya, injini ndiyo hupewa uangalizi wa kwanza. Oili yake hubadilishwa mara kwa mara na sauti yake husikilizwa na kila dereva. Sehemu zinazopokea nguvu kutoka kwenye injini na kuifikisha kwenye matairi, yaani klachi, giaboksi, propela, difu na ekseli, mara nyingi husahaulika mpaka zipige kelele au zikatike njiani.

Hasara ya usahaulifu huo haiishii kwenye gharama za matengenezo na siku za kazi zinazopotea. Oili inayovuja kutoka kwenye difu inaweza kufika kwenye breki za nyuma na kuzifanya zishindwe kushika. Propela inayochomoka gari likiwa kwenye mwendo inaweza kuligeuza gari. Dereva anayeshuka mlima kwa gia huru kwa nia ya kuokoa mafuta hujiondolea msaada wa injini wakati anapouhitaji zaidi. Kwa sababu hiyo, matunzo ya mfumo huu ni suala la usalama wa dereva, utingo, mzigo na watumiaji wengine wa barabara.

NGUVU INAVYOFIKA KWENYE MATAIRI

Katika HiAce za kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004, injini imewekwa chini ya viti vya mbele na matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita kwenye klachi, huingia kwenye giaboksi, husafirishwa na propela chini ya sakafu ya gari, hufika kwenye difu, kisha hugawanywa na shafti mbili za ekseli kwenda kwenye matairi. Zipo vani nyingine ndogo ambazo matairi ya mbele ndiyo yanayovuta. Hizo hazina propela ndefu, na difu yake hukaa pamoja na giaboksi.

Katika safari hiyo, gia za chini za giaboksi pamoja na difu hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Kwa mfano, injini yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 240, ikiunganishwa na gia namba moja yenye uwiano wa 4 kwa 1, huifanya propela ibebe nyutoni mita 960. Difu yenye uwiano wa 4 kwa 1 huongeza nguvu hiyo tena hadi kufikia nyutoni mita 3,840 kwenye ekseli. Hesabu hii inaonesha kwa nini kuachia klachi kwa ghafla wakati gari limejaa mzigo kunaweza kuvunja chuma kilichodumu kwa miaka mingi. Mshtuko huo huzidishwa kila unapopita kuelekea nyuma.

KILOMITA ZA KAZI

Vani inayotembea wastani wa kilomita 150 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha kilomita 900 kwa wiki na takriban kilomita 46,800 kwa mwaka. Huduma inayotakiwa kila baada ya kilomita 10,000 huifikia gari hiyo ndani ya wiki 11 hivi, na ile ya kilomita 40,000 huifikia ndani ya takriban miezi 10. Mmiliki anayesubiri mwisho wa mwaka ili apeleke gari karakana huwa amekwisha kuchelewa.

Aidha, kilomita hazilingani. Kitabu cha mtengenezaji hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na kazi ya vani nyingi nchini huangukia katika matumizi magumu: mzigo mzito, foleni ndefu, vumbi, barabara za changarawe, joto na miinuko. Katika mazingira hayo muda wa huduma hufupishwa.

Kwa gari lililonunuliwa likiwa limetumika, tarakimu zinazosomeka kwenye dashibodi pekee hazitoshi kuwa ushahidi wa kazi lililofanya. Raba ya pedali ya klachi iliyolika, kifundo cha hendeli ya gia kilichofutika maandishi na mlio wa "kong" unaotoka chini ya gari wakati wa kuondoka ni dalili zinazopaswa kulinganishwa na tarakimu hizo. Pale ambapo kumbukumbu za huduma hazipo, njia salama ni kubadilisha oili ya giaboksi na ya difu mara baada ya kununua, kuikagua oili iliyotoka, na kuanza kuhesabu upya kuanzia siku hiyo.

KLACHI

Klachi haina umri maalumu. Inaweza kudumu miaka mingi kwa dereva mmoja na kuisha ndani ya miezi michache kwa mwingine. Kinachoiua mapema ni dereva kuuacha mguu juu ya pedali wakati wa safari, kulizuia gari kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki, na kuondoka na mzigo mzito kwa gia namba mbili.

Dalili ya kwanza ya klachi iliyochoka ni injini kuongeza mizunguko bila gari kuongeza mwendo, hasa katika gia ya juu au mlimani. Harufu ya kuungua hufuata. Gia zinazokataa kuingia au zinazolia wakati wa kuingiza, hususan gia ya nyuma, zinaweza kuashiria kwamba klachi haiachii kikamilifu. Mara nyingi chanzo chake ni hewa au uvujaji katika mfumo wa haidroliki unaosukuma klachi, na fundi anapaswa kuukagua mfumo huo kabla ya kushusha giaboksi.

Sauti nayo hueleza mengi. Mlio unaoanza pedali inapokanyagwa mara nyingi hutoka kwenye rilizi beringi. Mlio unaosikika gari likiwa gia huru na pedali ikiwa imeachiwa, kisha ukapotea pedali inapokanyagwa, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya shafti inayoingiza nguvu katika giaboksi. Kutofautisha milio hii miwili humwepusha mmiliki na gharama ya kutengeneza sehemu ambayo ni nzima.

Kwa kuwa kazi kubwa iko katika kuishusha na kuirudisha giaboksi, ni busara klachi pleti, preshapleti na rilizi beringi vibadilishwe kwa pamoja. Uso wa flaiwili ukaguliwe kama una nyufa au alama za kuungua, na sili ya nyuma ya injini itazamwe, kwa kuwa oili ikidondokea klachi mpya itaiharibu kabla ya wakati. Katika mfumo wa haidroliki itumike fluidi ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake. Oili ya injini haipaswi kuwekwa humo hata kwa dharura, kwa sababu huvimbisha raba na kuharibu mfumo wote.

GIABOKSI YA KUINGIZA GIA KWA MKONO

Giaboksi ya aina hii hustahimili mengi mradi ina oili safi, ya aina sahihi na ya kiwango sahihi. Kiwango hupimwa gari likiwa limesimama mahali tambarare: nati ya kujazia iliyoko ubavuni hufunguliwa, na oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu lake. Fundi makini hufungua nati ya kujazia kwanza, kisha ndipo hufungua ile ya kumwagia. Akianza na ya chini, halafu ya juu ikagoma kufunguka, gari litabaki bila oili na bila njia ya kuijaza.

Oili iliyotoka ni taarifa kamili. Ute laini wa rangi ya kijivu kwenye sumaku ya nati ni matokeo ya kawaida ya meno ya gia kusuguana. Chembe zinazoshikika kwa vidole au vipande vya chuma huashiria beringi au meno yanayovunjika. Rangi inayofanana na chai ya maziwa inaonesha kwamba maji yameingia. Chembe za rangi ya dhahabu hutokana na shaba ya pete zinazolinganisha mwendo wa gia, na gari la namna hiyo kwa kawaida huwa limekwisha kuanza kulia wakati wa kuingiza gia fulani.

Hapo ndipo uchaguzi wa oili unapokuwa na uzito. Makopo ya oili ya gia huandikwa unene, mfano 75W-90 au 80W-90, na daraja, mfano GL-4 au GL-5. Daraja la GL-5 lina viambato vingi zaidi vya kuhimili mgandamizo mkubwa na linafaa kwa difu. Baadhi ya viambato hivyo vinaweza kushambulia pete za shaba zilizomo katika giaboksi ambazo mtengenezaji ameelekeza zitumie GL-4. Kwa hiyo, tamko la muuzaji kwamba "oili ya gia ni ile ile" halipaswi kuchukua nafasi ya kitabu cha gari.

GIABOKSI YA OTOMATIKI

Vani nyingi zinazotoka Japani zina giaboksi ya otomatiki, ambayo hutumia oili kwa kazi tatu kwa wakati mmoja: kulainisha, kupoza na kusukuma vali zinazobadilisha gia. Oili chafu au pungufu huathiri kazi zote tatu. Kwa sababu hiyo joto ndilo adui wake mkubwa, na joto huongezeka gari linapobeba mzigo mzito mlimani au linapokaa kwenye foleni kwa muda mrefu.

Oili nzima huwa angavu. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, pleti za ndani zimekwisha kuathirika. Dalili nyingine ni gia kuchelewa kuingia baada ya kuhamisha hendeli, kubadilika kwa mshtuko na injini kunguruma bila gari kusogea. Kubadilisha oili katika hatua hiyo kunaweza kupunguza kasi ya uharibifu, lakini hakurudishi pleti zilizolika, na mmiliki anapaswa kuelezwa ukweli huo kabla ya kulipa.

Aina ya oili lazima ifuatwe. Oili ya Toyota ya T-IV na ile ya WS, kwa mfano, ni za aina mbili tofauti kwa unene na hazipaswi kuchanganywa wala kubadilishana nafasi. Aidha, gari la otomatiki linalosukumwa na matairi ya nyuma likiharibika lisivutwe umbali mrefu huku matairi hayo yakizunguka barabarani. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na sehemu za ndani huzunguka zikiwa kavu. Njia salama ni kuinua matairi ya nyuma, kuchomoa propela au kulipakia gari zima.

PROPELA, KROSI NA SENTA BERINGI

Propela huzunguka kwa kasi kubwa chini ya miguu ya abiria na mzigo, na uzito wake umesawazishwa kiwandani kwa vipande vidogo vya chuma vilivyobandikwa juu yake. Katika vani ndefu propela huwa na sehemu mbili zinazokutana katikati, ambapo hushikwa na senta beringi yenye raba.

Krosi iliyolika hutoa mlio wa "kong" gari linapoondoka au linapohamishwa kutoka gia ya nyuma kwenda ya mbele. Mtetemo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na ambao haubadiliki dereva anapobadilisha gia kwa mwendo ule ule, huelekeza kwenye propela, senta beringi au matairi. Ukaguzi ni rahisi: gari likiwa limezimwa na kuwekewa kabari, propela hushikwa kwa mikono miwili na kutikiswa. Mchezo wowote unaoonekana kwenye krosi ni sababu ya kuibadilisha.

Mambo matatu husahaulika mara kwa mara. La kwanza ni grisi. Propela zenye niplo zinapaswa kupigwa grisi kwa ratiba, na mapema zaidi baada ya gari kupita kwenye maji au matope mazito. La pili ni alama. Kabla ya kuichomoa propela, fundi aweke alama kwenye pande zote zinazokutana ili irudi ilivyokuwa, la sivyo mtetemo utaanza siku hiyo hiyo. La tatu ni kuchomelea. Propela iliyochomelewa mtaani bila kusawazishwa upya hutetemesha giaboksi na difu, na ikikatika upande wa mbele inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari. Propela iliyopinda au yenye ufa ibadilishwe.

DIFU NA EKSELI

Difu hubeba nguvu kubwa kuliko sehemu zilizoitangulia. Meno ya krauni na pinioni husuguana huku yakiteleza, hivyo huhitaji oili inayohimili mgandamizo, kwa kawaida ya daraja la GL-5. Lita chache za oili hiyo zina gharama ndogo sana zikilinganishwa na krauni na pinioni mpya. Mvumo unaosikika dereva anapokanyaga mafuta na kubadilika anapoachia ni dalili ya meno au beringi za pinioni. Mngurumo unaobadilika gari linapokata kona mara nyingi hutoka kwenye beringi za matairi.

Sehemu ndogo kuliko zote ndiyo yenye madhara makubwa zaidi: tundu la kupumulia lililoko juu ya ekseli. Difu inapopata moto, hewa ya ndani hupanuka na hutakiwa kutoka kupitia tundu hilo. Tundu likizibwa na tope au vumbi, shinikizo huisukuma oili kupita kwenye sili. Sili za pembeni zikishindwa, oili huingia ndani ya drami na kulowesha viatu vya breki. Gari huanza kuvuta upande mmoja linapofunga breki, au breki za nyuma hupoteza nguvu kabisa.

Kwa hiyo michirizi ya oili upande wa ndani wa tairi la nyuma haipaswi kufutwa kwa kitambaa na safari kuendelea. Sili ibadilishwe, tundu la kupumulia lisafishwe, drami ioshwe, na viatu vya breki vilivyonyonya oili vibadilishwe pande zote mbili.

Vilevile, matairi ya nyuma yanapaswa kuwa ya saizi moja na yaliyolika kwa kiwango kinachokaribiana. Tairi moja likiwa dogo kuliko jingine, gia ndogo za ndani ya difu hulazimika kufanya kazi safari nzima, hata kwenye barabara iliyonyooka, ilhali zimeundwa kwa ajili ya kona.

BAADA YA MVUA NA MAFURIKO

Wakati wa masika, maeneo kama Bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam hujaa maji, na baadhi ya madereva hujaribu kupita. Zaidi ya hatari ya kusombwa, ipo hatari inayojitokeza wiki kadhaa baadaye. Difu na giaboksi zenye moto zikizama ghafla katika maji ya baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye tundu la kupumulia na sili zilizochoka. Gari huendelea kutembea kama kawaida huku maji yakiozesha beringi kwa kutu.

Gari lililopita kwenye maji yaliyofika usawa wa ekseli linapaswa kukaguliwa oili yake ya difu na giaboksi mapema iwezekanavyo. Oili ikionekana na weupe, imwagwe yote na kuwekwa mpya, kisha ikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi.

MZIGO NA MILIMA

HiAce ya mizigo imeundwa kubeba takriban tani 1, ikizidi au kupungua kidogo kulingana na aina. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 hutimiza tani hiyo. Mifuko 30 ni kilo 1,500, na hakuna oili wala kipuri kitakacholilinda gari linalobeba kiasi hicho kila siku. Kwa mazao, tatizo huongezwa na ufungashaji wa lumbesa, ambao Wakala wa Vipimo (WMA) imekuwa ikiupiga marufuku. Mbali na kumpunja mkulima, gunia la lumbesa humnyima dereva uwezo wa kujua uzito alioubeba, kwa kuwa idadi ya magunia haimwelezi tena kilo.

Katika miteremko mikali kama ya Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida, dereva anatakiwa kuteremka kwa gia ambayo angeitumia kupanda, na aiingize kabla ya kuanza kuteremka. Injini husaidia kulizuia gari, na breki hubaki na ubaridi wa kutosha kwa ajili ya dharura. Kuteremka kwa gia huru huziachia breki kazi yote mpaka zipate moto na kupoteza nguvu. Kuzima injini ni hatari zaidi, kwa sababu nguvu ya ziada ya breki na wepesi wa usukani hupotea, na usukani unaweza kujifunga. Mafuta yanayodhaniwa kuokolewa hayana uwiano wowote na hatari hiyo. Katika injini za kisasa zenye udhibiti wa kielektroniki, mafuta hukatwa yenyewe dereva anapoondoa mguu kwenye pedali huku gari likiwa kwenye gia.

FUNDI, OILI NA VIPURI

Wamiliki wanashauriwa kutumia mafundi wenye ujuzi uliothibitishwa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya ufundi wa magari na pia ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Fundi wa mtaani mwenye cheti cha utaratibu huo amepimwa kwa vitendo.

Oili na vipuri vinunuliwe kwa wauzaji wanaotoa risiti ya EFD. Risiti ni haki ya mnunuzi na ushahidi wake pale bidhaa inapobainika kuwa bandia. Kopo likaguliwe kama lakiri yake haijafunguliwa na kama maandishi ya unene, daraja na nembo ya ubora yanasomeka. Malalamiko kuhusu ubora wa bidhaa hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na yale ya bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC).

Kwa usalama wa fundi mwenyewe, gari lisifanyiwe kazi likiwa limeshikiliwa na jeki pekee. Liwekwe juu ya stendi za chuma mahali pagumu na tambarare, na matairi yaliyobaki chini yawekewe kabari. Tahadhari hii ni muhimu zaidi propela au shafti ya ekseli inapochomolewa, kwa kuwa hapo gia haiwezi tena kulizuia gari lisitembee.

OILI CHAKAVU

Oili iliyomwagwa kutoka kwenye giaboksi na difu ni taka hatarishi. Kuimwaga kwenye mtaro, kwenye udongo au karibu na kisima huchafua maji yanayotumiwa na jamii. Usimamizi wa taka za aina hiyo uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo linalosimamia utekelezaji wake. Karakana zinatakiwa kuihifadhi oili hiyo katika vyombo visivyovuja na kuikabidhi kwa wakusanyaji wenye vibali.

RATIBA YA MFANO KWA VANI INAYOFANYA KAZI NZITO

Ratiba ifuatayo ni ya mwongozo. Pale inapotofautiana na kitabu cha gari husika, kitabu ndicho kifuatwe.

Kila siku kabla ya safari: kutazama chini ya gari kama kuna matone ya oili, kukagua upande wa ndani wa matairi ya nyuma, na kuangalia kiwango cha fluidi ya klachi na ya breki.

Kila wiki: kupima upepo wa matairi na kusikiliza milio mipya wakati wa kuondoka, kwenye mwendo na kwenye kona.

Kila kilomita 5,000: kupiga grisi krosi na propela zenye niplo, kusafisha matundu ya kupumulia, na kukaza nati za propela.

Kila kilomita 10,000: kupima kiwango cha oili ya giaboksi na difu, kuitikisa propela, na kukagua senta beringi, sili na raba zinazoshikilia giaboksi.

Kila kilomita 40,000: kubadilisha oili ya giaboksi na ya difu, kukagua sumaku za nati, na kufungua drami za nyuma ili kukagua sili za ekseli. Kwa giaboksi ya otomatiki, hali ya oili ipimwe na ibadilishwe kwa mujibu wa kitabu.

Baada ya kupita kwenye maji ya kina: kukagua oili zote za nyuma na kupiga grisi upya bila kusubiri kilomita kutimia.

Kila huduma iandikwe katika daftari la gari ikiwa na tarehe, kilomita, aina ya oili na jina la karakana. Kwa mmiliki mwenye dereva wa kuajiriwa, daftari hilo huondoa mabishano, na dereva apewe nafasi ya kuandika humo milio na mitetemo aliyoisikia. Dereva ndiye wa kwanza kuijua hitilafu. Akiadhibiwa kwa kuripoti, ataendesha akiwa kimya mpaka gari lisimame lenyewe.

WAJIBU WA KISHERIA

Kuendesha gari bovu barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani lina mamlaka ya kulikagua gari na kulizuia lisiendelee na safari. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji wa kibiashara, na wamiliki wa vani za mizigo wanakumbushwa kuhakikisha kwamba leseni zao ziko hai na magari yao yanastahili kuwa barabarani wakati wote.

Ukaguzi wa askari hufanyika kwa dakika chache na hauwezi kuona kila kilichomo ndani ya difu au giaboksi. Wajibu wa kwanza unabaki kwa mmiliki na dereva wake, nao huanza kila alfajiri kwa kuinama na kutazama chini ya gari kabla ya kuliwasha.